Mtoto Anataka Kuunda Rola Kosta: Asomee Nini, na Ataajiriwa Wapi?

Siku ya Idd iliyopita, sahani za biriani zikiwa bado mkekani, binti wa kaka yangu aliniuliza swali lililonyamazisha nyumba nzima. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yake mazuri, na kilichobaki kilikuwa kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS.

"Ami, mtu akitaka kuunda rola kosta asomee nini?"

Nilicheka. Nalikiri hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Babake hakucheka. Alinawa mikono taratibu, kisha akasema, "Mimi nina kiwanja kimoja tu, kile cha Mtwapa. Nikikiuza, nitakiuza kwa kazi ninayoijua jina lake." Yule mtoto akakusanya sahani, akaingia jikoni, na hakuongea tena mpaka tulipoondoka.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikikagua na kutengeneza lifti na kreni hapa Mombasa. Kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyestahili kumjibu, ni mimi, na jibu langu lilikuwa kicheko. Basi namjibu sasa, na namjibia hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Mtoto wako naye huenda ana ndoto ambayo hujui jina lake.

Ni chombo gani hasa

Kwa asiyejua, rola kosta ni msururu wa mabehewa madogo yanayokimbia juu ya reli zinazopanda, kushuka, kupinda na hata kupinduka juu chini, abiria wakiwa wamefungwa vitini wakipiga mayowe ya raha. Watoto wetu huziona kwenye simu. Wale wetu waliofanya kazi Ghuba wameziona kwa macho. Pale Ferrari World, Abu Dhabi, kuna moja inayoitwa Formula Rossa. Ilipofunguliwa mwaka wa 2010 ilikuwa yenye kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa.

Zilianza kwa upole. Mwaka wa 1884, huko Coney Island, New York, Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli ya mbao yenye vilima. Nauli ilikuwa senti 5 na kasi yake takriban kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao baiskeli ya mwuza mkate inaupita. Mwaka wa 1959, Disneyland ya California ilifungua Matterhorn, ya kwanza kutumia reli za mabomba ya chuma. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa maana bomba la chuma hupindwa upande wowote unaotaka, ambavyo mbao hazikubali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba rola kosta nyingi hazina injini ndani ya mabehewa. Mnyororo huyavuta hadi kileleni, kisha huyaachilia, na kutoka hapo mpaka mwisho yanaendeshwa na mvutano wa ardhi peke yake. Kupandisha behewa ni kama kulikopesha nishati, na linaposhuka linaitumia nishati hiyo kama mwendo. Likianguka kutoka mita 20, likifika chini litakuwa na kasi ya karibu kilomita 71 kwa saa, tukiacha msuguano na upepo kando. Uzito wa abiria haumo kabisa katika hesabu hiyo. Na kwa kuwa msuguano na upepo hula sehemu ya deni kila mita, behewa lililoachiliwa hivyo haliwezi kupanda tena kufikia kimo cha kilele cha kwanza. Ndiyo maana mlima wa kwanza huwa mrefu kuliko yote inayofuata.

Fizikia hiyo ni ya kidato cha tatu. Binti yetu ameshaifanyia mtihani.

Kitanzi kilichoumiza shingo

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini kazi hii inahitaji mhandisi na si fundi shupavu tu.

Mwaka wa 1895, hapo hapo Coney Island, palijengwa rola kosta yenye kitanzi, yaani reli inayozunguka wima hadi abiria wawe kichwa chini. Waliikata kwa umbo la duara kamili. Waliopanda walishuka wakishika shingo, na haikudumu miaka mingi.

Kosa lilikuwa nini? Chukua hesabu ya mwendo wa duara ya kidato cha nne. Ili behewa lifike juu ya kitanzi cha duara bila kudondoka, lazima liingie chini na kasi kubwa. Kwa kasi hiyo hiyo, pale chini linapoanza kupinda, abiria hukandamizwa kitini kwa nguvu ya mara 6 ya uzito wake. Binti wa kilo 60 anahisi kilo 360, na kichwa chake, ambacho shingo imezoea kukibeba bila kufikiri, ghafla ni mzigo. Na hapo ni pale tu behewa linapopita kileleni kwa kasi ndogo kabisa inayotosha. Likizidi, mkandamizo nao unazidi.

Suluhisho lililodumu lilikuja miaka 80 baadaye. Mwaka wa 1976, katika bustani ya Magic Mountain, California, ilifunguliwa rola kosta iliyoundwa na Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel. Kitanzi chake kilikuwa na umbo la tone la maji: kipana chini, chembamba juu. Pale chini, ambapo kasi ni kubwa, mpindo ni wa taratibu. Juu, ambapo kasi imepungua, mpindo ni mkali. Mchirizi huo unaitwa klothoidi, na haukubuniwa kwa ajili ya michezo. Wahandisi wa reli na barabara huutumia kuingiza chombo kwenye kona bila kukirusha abiria.

Stengel alisomea uhandisi Munich, akafungua ofisi yake mwaka wa 1965, na ameshiriki katika mamia ya rola kosta duniani. Mwingine ni Mmarekani Ron Toomer. Alikuwa mhandisi wa mitambo, akafanya kazi kwenye ngao ya joto ya chombo cha anga cha Apollo, kisha akaingia kampuni ya Arrow na kuunda rola kosta kadhaa, ikiwamo ile ya Corkscrew ya mwaka wa 1975. Kichekesho ni kwamba Toomer mwenyewe alikuwa akishikwa na kichefuchefu, hivyo hakupenda kuzipanda. Kwa hiyo mwanangu, kama babako atakuambia kwamba wewe hutapika hata kwenye matatu ya Malindi, hilo si kizuizi.

Bolti moja

Sasa nieleze kwa nini swali lile lilininyima usingizi.

Nikiwa na miaka 9, siku ya Idd kama ile, tulipelekwa uwanjani kupanda pembea za mbao zinazozungushwa kwa mikono. Dada yangu, mtoto wa ami yangu, alikaa kiti cha mbele yangu. Katika mzunguko wa tatu au wa nne, bolti iliyoshika kiti chake iliruka. Alianguka, mkono ukavunjika mahali pawili, na mpaka leo kiwiko chake hakinyooki. Mwenye pembea alilia kuliko sisi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba bolti inayotikiswa kutwa hulegea, na kwamba chuma nacho huchoka.

Ukiwauliza watu rola kosta inaundwa na nini, watasema kasi. Mimi nikizitazama naona mambo manne, yote ya kuzuia siku kama ile.

La kwanza ni magurudumu. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: yanayokaa juu ya reli, yanayobana ubavuni, na yanayoshika kwa chini ili lisiruke likivuka kilele. Hayo ya chini yalipewa hataza mwaka wa 1919 kwa jina la John Miller wa Marekani, na mpaka leo ndiyo yanayoruhusu milima mikali.

La pili ni meno. Ile sauti ya tak-tak-tak mabehewa yakipanda si ya mnyororo. Ni kipande cha chuma kinachodondoka kwenye meno ya ngazi kila hatua, ili mnyororo ukikatika mabehewa yasirudi nyuma. Hakihitaji umeme wala mtu, uzito wake wenyewe unatosha.

La tatu ni breki za sumaku. Bamba la shaba au alumini likipita kati ya sumaku kwa kasi, umeme huzaliwa ndani ya bamba na kupingana na mwendo. Stima ikipotea, breki inaendelea kufanya kazi. Sisi tunaoishi na KPLC tunaelewa uzuri wa kitu hicho.

La nne ni mgawanyo wa njia. Reli hugawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu msururu kuingia kipande ambacho mwingine haujatoka. Ni kanuni ile ile inayozuia treni mbili kugongana.

Na nyuma ya hayo yote kuna ukaguzi. Kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, mafundi hutembea kwenye reli wakitazama nati na viungo vilivyochomelewa, na mabehewa huzungushwa matupu. Rola kosta mpya hujaribiwa mara nyingi na wanasesere waliojazwa maji kabla mtu hajaketi. Kuna viwango vya kimataifa vinavyosema nguvu kiasi gani mwili wa binadamu upewe na kwa sekunde ngapi, kama vile vya ASTM huko Marekani na EN 13814 huko Ulaya.

Ukisoma orodha hiyo utaona ni kazi yangu mimi ya lifti, imevishwa nguo za sherehe. Ndiyo maana nimeona aibu kwa kucheka.

Asomee nini

Hakuna sababu ya kutafuta shahada ya rola kosta. Wanaoziunda wengi walisomea uhandisi wa kawaida, kisha wakaingia humo. Kazi yenyewe imegawanyika hivi:

Mhandisi wa mitambo huunda mabehewa, magurudumu, vizuizi vya abiria na breki. Mhandisi wa ujenzi huhesabu nguzo, misingi, upepo na uchovu wa chuma. Mhandisi wa umeme au wa mekatroniki hushughulika na mota, vihisio na kompyuta ya usalama. Mtaalamu wa programu huandika zana za kuchora njia na kupima nguvu kila sentimita. Anayechora mstari wenyewe wa reli, ile kazi ambayo watoto huiota, ni mmoja au wawili katika kampuni nzima.

Ushauri wangu kwa binti yetu ni uhandisi wa mitambo, kwa sababu ndio mlango mpana kuliko yote. Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ambacho mizizi yake ni ile MIOME walikosomea wazee wetu. Nairobi, JKUAT, Moi na Dedan Kimathi nako kuna kozi za uhandisi. Kwa kawaida shahada huchukua miaka 5. Mlango wa shahada ni wastani wa C+, lakini kwa uhandisi hutazamwa sana alama za Hisabati, Fizikia na Kemia, na ushindani ni mkali, hivyo C+ tupu mara nyingi haitoshi.

Aliyepata chini ya hapo asikate tamaa. Diploma ya uhandisi katika taasisi za kiufundi huanzia C-, na kutoka diploma mtu hupanda hadi shahada. Nimefanya kazi na mafundi wa diploma ambao kiunzi cha chuma wanakisoma kama gazeti. Kwa wadogo wa mtaala mpya, njia ni ile ya STEM katika sekondari ya juu.

Jambo moja lisisahaulike. Kabla ya kubonyeza kozi yoyote, hakikisha kozi hiyo, katika chuo hicho, imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK. Ninawajua vijana waliomaliza miaka yao 5, wakavaa joho, wakala keki, kisha wakakwama kusajiliwa kwa sababu ya neno hilo moja. Orodha iangalie mwenyewe, usitegemee brosha ya chuo.

Ataajiriwa wapi

Hapa ndipo kaka yangu anapostahili jibu la kiume, si la kumpendeza mtoto.

Ulimwengu wa rola kosta ni mdogo. Kampuni zinazoziunda zinahesabika: Bolliger & Mabillard iko Monthey, Uswisi; Mack Rides iko Waldkirch, Ujerumani; Vekoma iko Vlodrop, Uholanzi; Intamin iko Liechtenstein; nyingine ziko Marekani. Hakuna hata moja iliyo Afrika Mashariki. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na wao huwatazama kwanza walio karibu, wasiohitaji viza.

Lakini kuna milango miwili ambayo haionekani kutoka barazani. Wa kwanza ni uendeshaji na ukarabati. Kila bustani ya michezo inahitaji wahandisi na mafundi siku zote za mwaka, na bustani kubwa za Abu Dhabi na Dubai ziko upande wa pili wa bahari hii hii. Wengi wetu tunakwenda kule kuendesha magari na kulinda milango. Anayekwenda na cheti cha uhandisi huingia kwa mlango mwingine.

Wa pili ni Ujerumani. Vyuo vyao vingi vya umma havitozi karo kubwa, ingawa vingine sasa huwatoza wanafunzi wasio wa Ulaya, na gharama za maisha lazima uzionyeshe kabla ya viza. Mwezi wa Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi. Anayetaka njia hiyo aanze Kijerumani sasa hivi, asisubiri kuhitimu.

Na kama vyote viwili visipofunguka? Hapo ndipo uzuri wa kusomea uhandisi mpana. Elimu ile ile ya chuma kinachochoka, breki isiyotegemea umeme na kompyuta inayozuia mgongano ndiyo inayotumika kwenye kreni za bandari ya Kilindini, kwenye SGR, kwenye feri za Likoni na kwenye lifti za maghorofa yanayoota Nyali kila mwezi. Mimi mwenyewe nimesomesha watoto watatu kwa hiyo. Kaka, ndoto ya mtoto ina jina usilolijua, lakini shahada yake unaijua. Inaitwa uhandisi wa mitambo.

Aanzie wapi, kabla hata ya chuo

Achukue mpira wa maji wa bustani, aupasue katikati kwa urefu awe na mfereji, apinde kitanzi, kisha aachilie gololi kutoka juu. Kwa hesabu ya kitu kinachoteleza bila msuguano, kimo cha kuanzia kinatakiwa kuwa angalau mara 2 na nusu ya nusu-kipenyo cha kitanzi. Atagundua kwamba gololi yake inahitaji kimo zaidi ya hapo. Ajiulize ni kwa nini. Sehemu ya jibu ni msuguano, na sehemu nyingine ni kwamba gololi haitelezi, inabingirika, na kubingirika nako kunakula nishati. Aandike vipimo vyake kwenye daftari. Daftari kama hilo siku moja litazungumza kwenye usaili kuliko cheti.

Kisha ajifunze kuchora kwa kompyuta. Kuna programu iitwayo NoLimits ambayo huchora rola kosta na kuonyesha nguvu anazopata abiria katika kila kona, na hata wataalamu huitumia. Akifika chuoni asikwepe karakana, ajifunze kuchomelea na kushika spana. Baadhi ya vyuo vya Marekani, kama Ohio State na Purdue, vina vyama vya wanafunzi wa uhandisi wa bustani za michezo. Sioni kwa nini Tudor wasiwe na chao. Wanafunzi watano na mwalimu mmoja wanatosha, na kazi yao ya kwanza inaweza kuwa kukagua pembea za Idd bila malipo, kabla watoto hawajapanda.

Hilo la mwisho nilimwambia dada yangu wa kiwiko. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambie huyo mtoto aanze hapo. Mbali ataenda baadaye."

Kaka, kiwanja usikiuze kwanza. Subiri barua ya chuo, muombe mkopo wa HELB, kisha tukae mimi nawe na kalamu tujue pengo ni kiasi gani. Langu mimi nitalitoa. Na wewe mwanangu, Jumamosi nitakuja na mpira wa maji wa mita 10 na kisu kikali. Gololi tafuta wewe.